Tisa Desemba Tuiiteje?

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada ya leo kwenye karatasi inaonekana ndogo: sikukuu ya tarehe 9 Desemba inaitwaje? Kalenda ya ukutani itakujibu kwa neno moja tu, Uhuru. Ukisikiliza hotuba za serikali utasikia Uhuru wa Tanzania Bara. Wazee waliokuwepo watakwambia Uhuru wa Tanganyika. Na asubuhi ya siku yenyewe, ukifungua simu, salamu zinamiminika: huyu anakutakia heri ya Uhuru wa Tanzania, yule heri ya Siku ya Jamhuri. Hayo ni majina matano, na siku ni moja. Mengine ni sahihi, mengine ni nusu sahihi, na moja ni kosa kabisa. Humu ndani wamo walimu, wamo waandishi wa habari, wamo washereheshaji wanaoshika kipaza sauti siku hiyo, kwa hiyo twende kwa mpangilio wa tarehe, maana ugomvi mwingi wa majina huisha tarehe zikikaa sawa.

Tuanze na neno lenyewe. Huru limetoka kwenye Kiarabu, na huku pwani maana yake ilikuwa wazi kama mchana: mtu asiye mtumwa. Unguja na Pemba utumwa uliondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, na Tanganyika sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922. Pigeni hesabu. TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru, ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 na kulifanya neno hili kuwa wito wake, ilikuwa imepita miaka 32 tu tangu sheria ile. Palikuwa na watu wazima mitaani waliozaliwa na wazazi waliokuwa mali ya watu wengine. Kwa hiyo aliyesikia "uhuru" kwenye mkutano wa Mnazi Mmoja hakuhitaji kufafanuliwa. Wasomi waliokuwa wakiandika maombi kwa Kiingereza walikuwa na maneno mengi ya kisheria, lakini kwenye jukwaa lilitosha hili moja.

Sasa, huo uhuru ulikuwa wa kutoka wapi? Hapa ndipo kosa la kwanza linapofanyika, na vitabu vya shule vinachangia. Tunasema Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza. Haikuwa. Ilikuwa koloni la Wajerumani, wakiiita Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikiwa pamoja na Rwanda na Burundi. Wajerumani waliposhindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, sehemu kubwa ilikabidhiwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa, na jina Tanganyika, lililochukuliwa kwenye ziwa, lilianza kutumika rasmi mwaka 1920. Baada ya Vita ya Pili ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi. Tofauti hii si ya kupamba mtihani. Kwa sababu ya udhamini, Julius Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 na kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, mahali ambapo mwenyeji wa koloni la kawaida hakuwa na kiti. Msimamizi alikuwa na mtu wa kumjibu. Njia yetu ikawa fupi kuliko ya jirani zetu wa Kenya, ambao hawakuwa na mlango huo.

Njia yenyewe ilikuwa na ngazi, na kila ngazi ina tarehe yake. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na Septemba mwaka huo Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Mei 1961 yakaja madaraka ya ndani, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 9 Desemba 1961 ukaja uhuru. Januari 1962 Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, Nyerere akiwa Rais.

Angalieni ngazi mbili za mwisho. Kwa mwaka mzima kati yake, Tanganyika ilikuwa nchi huru yenye bendera yake, wimbo wake na kiti Umoja wa Mataifa, lakini mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na aliyemwakilisha Dar es Salaam alikuwa Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana. Cheo kiliongezewa neno moja, akawa Gavana Mkuu. Kwa hiyo anayesema "tarehe 9 Desemba 1961 Nyerere aliapishwa kuwa Rais wa kwanza" amebana miaka miwili kwenye siku moja. Kosa hili husikika sana redioni, na chanzo chake ni kwamba matukio yote mawili yaliwekwa tarehe moja kwa makusudi. Sikukuu yetu imebeba mizigo miwili begani: uhuru wa 1961 na jamhuri ya 1962.

Kenya walifanya vile vile: uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Lakini wao siku yao waliipa jina la tukio la pili, wakaiita Jamhuri, na kwa upande mwingine wakaitenga tarehe 1 Juni kwa ajili ya Madaraka. Sisi tulichukua jina la tukio la kwanza, na madaraka ya Mei 1961 hatukuyapa siku kabisa. Ndiyo maana salamu za "Siku ya Jamhuri" zinapotumwa huku kwetu zinasikika kama zimevuka mpaka wa Namanga. Kusema kweli si kosa, maana jamhuri yetu nayo ilizaliwa tarehe hiyo. Ila Mtanzania wa kawaida haiiti hivyo, na jina la sikukuu huishi kwenye mdomo wa anayeisherehekea.

Kuna jambo dogo la usiku na mchana ambalo linawasumbua wanaoandika. Bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa saa sita ya usiku, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, mume wa Malkia, Philip, akiwa mwakilishi wake. Usiku wa tarehe ngapi? Kwa hesabu ya Kizungu, tarehe inageuka saa sita hiyo hiyo. Kwa hesabu ya Waswahili, siku huanza jua linapozama, na usiku unatangulia mchana wake. Tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa Jumamosi, hivyo mzee wa Bagamoyo angesema bendera ilipanda usiku wa Jumamosi, na mjukuu wake aliyesoma angefikiri ni Jumamosi baada ya magharibi, akakosea kwa saa ishirini na nne. Dawa ipo na ni nyepesi: andikeni "usiku wa kuamkia tarehe 9". Hapo hakuna atakayepotea, awe anahesabu kwa jua au kwa saa.

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi, yaani neno linalofuata baada ya "Uhuru wa".

Aliyepata uhuru tarehe ile ni Tanganyika. Hilo halina mjadala. Tanzania haikuwepo. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili 1964, na hata siku ile nchi mpya haikuitwa Tanzania, iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilianza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1964. Kwa hiyo "Uhuru wa Tanzania wa mwaka 1961" ni sawa na kutaja umri wa ndoa kwa kuhesabu kuanzia siku bwana harusi alipozaliwa. Hili ndilo lile kosa kamili nililolitaja mwanzoni. Na linaumiza upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu linamwambia Mzanzibari kwamba historia yake ilianza siku ambayo yeye hakuhusika nayo.

Serikali inalijua kosa hilo, na ndiyo sababu inaandika Tanzania Bara. Mwaka 2011 yalikuwa maadhimisho ya miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara, na mwaka 2021 yakawa ya miaka 60 kwa jina hilo hilo. Jina hili halikubuniwa na mchapaji wa mabango, limo ndani ya Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 2 inasema eneo la Jamhuri ya Muungano ni eneo lote la Tanzania Bara na eneo lote la Tanzania Zanzibar. Ukienda mwisho, ibara ya 151 ya tafsiri, unaambiwa Tanzania Bara ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Yaani Katiba yenyewe, ikitaka kueleza Tanzania Bara ni nini, inalazimika kulitaja jina Tanganyika. Nawaomba walimu wa uraia muwasomeshe wanafunzi ibara hiyo neno kwa neno, kwani inafundisha zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Lakini neno lililo muhimu zaidi humo ni "eneo". Katiba inaizungumzia Tanzania Bara kama eneo, na kupata uhuru ni jambo la nchi. Hapo ndipo jina la serikali linapochechemea: linachukua jina la leo la ardhi na kulirudisha nyuma kwenye tukio la dola ambayo haikuitwa hivyo. Linaeleweka, ila ni kama kusema Uwanja wa Uhuru ulipokea wageni usiku ule. Uwanja ni ule ule, jina lake halikuwa hilo.

Halafu kuna neno "bara" lenyewe, ambalo wapwani hulipokea kwa kicheko. Kwa mtu wa Mrima, yaani ukanda wa pwani, bara ni kule ndani, kwenye njia ya Tabora na Ujiji. Wazee wa Pangani na Kilwa walipokuwa wakisema "amekwenda bara" walimaanisha ameiacha pwani. Leo kwa mujibu wa Katiba Mpangani ni mtu wa Bara, na kisiwa cha Mafia, kilichozungukwa na maji pande zote, ni Bara pia. Ukerewe hali kadhalika. Sheria haijali maji, inajali nani alikuwa chini ya serikali gani kabla ya Aprili 1964.

Kwa nini basi wakubwa hawaandiki Tanganyika, wamalize? Kwa sababu jina hilo, kila linapopanda jukwaani, huwa halipandi peke yake. Mwaka 1993 wabunge waliokuja kujulikana kama G55 walidai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Nyerere aliwapinga waziwazi. Miaka ishirini baadaye Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza muundo wa serikali tatu, ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, na mjadala ukarudi pale pale. Hivyo mwandishi wa hotuba anayekwepa "Tanganyika" anakwepa isidhaniwe kwamba bosi wake amechukua upande. Ni sababu ya kisiasa, inaeleweka, lakini haibadilishi kilichotokea mwaka 1961. Msimamo wangu mimi ni huu: tukizungumzia tukio, tuseme Uhuru wa Tanganyika, tukizungumzia sikukuu ya leo, tuseme Sikukuu ya Uhuru, bila mkia. Neno Uhuru peke yake limetosha kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge na kusimika bendera, na ambapo kabla yake palikuwa na jina la mfalme wa Wajerumani. Hakuna anayepanda kule akauliza "Uhuru wa wapi?"

Upande wa Zanzibar una funzo lake la majina. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza tangu 1890, na ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Ikapata kiti Umoja wa Mataifa mwezi huo huo. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Sikukuu iliyobaki ni ya 12 Januari. Tarehe 10 Desemba haimo kwenye orodha ya sikukuu, kwa kuwa waliopindua walihesabu kwamba uhuru wa kweli ulikuja nao, na ule wa Desemba ulikuwa wa Sultani. Kwa hiyo tuna sehemu mbili za nchi moja: moja inaadhimisha bendera iliyopandishwa kwa makubaliano, nyingine inaadhimisha serikali iliyoangushwa. Na zote mbili ni siku za mapumziko kwa Jamhuri nzima. Mkulima wa Sumbawanga anapumzika kwa Mapinduzi, na mvuvi wa Nungwi anapumzika kwa Uhuru.

Wapo waliouliza kwa nini siku hii haikupata jina la tarakimu kama Saba Saba na Nane Nane. Jibu liko masikioni: saba ya mwezi wa saba inaimbika, nane ya nane inaimbika, tisa ya kumi na mbili haiimbiki. Ila jina la tarakimu lina faida moja ambayo jina la maana halina, nayo ni kwamba linavumilia mabadiliko. Saba Saba ilizaliwa kama siku ya TANU. TANU ilipoungana na ASP, chama kilichotawala Zanzibar, tarehe 5 Februari 1977 kikazaliwa chama kipya, CCM, mwenye sikukuu hakuwepo tena, lakini jina likabaki na kujazwa maana nyingine, na leo kijana wa Dar es Salaam akisikia Saba Saba anafikiria maonesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa. Jirani zetu Wakenya nao wana Saba Saba yao, ya mwaka 1990, ya kudai vyama vingi, na haihusiani na yetu hata kidogo. Uhuru hauwezi kujazwa maonesho. Neno limeshika maana yake.

Nigusie maneno matatu yanayochanganywa: sikukuu, sherehe, maadhimisho. Sikukuu ni siku yenyewe, imewekwa na sheria. Sherehe ni gwaride, mizinga 21, halaiki, ngoma na hotuba uwanjani. Maadhimisho ni neno pana, linachukua hata makongamano na usafi wa mtaa. Mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimetanda, Rais Magufuli alifuta sherehe na kuagiza watu wafanye usafi. Mwaka 2018 fedha za sherehe zilielekezwa kwenye ujenzi wa hospitali Dodoma, ikapewa jina la Uhuru. Mwaka 2022 Rais Samia aliagiza shilingi milioni 960 ziende kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule nane. Kila mara vichwa vya habari viliandika "Sikukuu ya Uhuru yafutwa". Sikukuu haikufutwa, zilifutwa sherehe. Tofauti hii ina fedha ndani yake: chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayefanya kazi siku ya sikukuu analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Uwanja ukiwa mtupu au umejaa, malipo hayo yako pale pale. Mwajiri asikwambie "mwaka huu hakuna Uhuru".

Kwa wanaoandaa mabango na kadi, angalieni hesabu. Mwaka 2021 uhuru ulitimiza miaka 60, na jamhuri ikatimiza 59. Ukiandika "Miaka 60 ya Uhuru na Jamhuri" umeiongezea jamhuri mwaka mzima. Kosa la pili ni kuchanganya kutimiza na kuingia: tarehe 9 Desemba 2021 tulitimiza mwaka wa 60 na kuingia wa 61, kwa hiyo "mwaka wa 60 wa uhuru" ulianza tarehe 9 Desemba 2020 na kuisha tarehe 8 Desemba 2021. Andikeni "miaka", msiandike "mwaka wa", mtakuwa salama.

Na bendera. Picha ya kuchora ya usiku wa 1961 yenye rangi ya buluu ni ya uongo. Bendera ya Tanganyika ilikuwa ya mikanda ya mlalo: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na mistari miwili myembamba ya dhahabu ikiitenganisha. Buluu iliingia mwaka 1964 kutoka upande wa Zanzibar, na hapo ndipo mikanda ikalazwa mshazari, weusi ukipanda kutoka chini upande wa mlingoti. Wimbo, kwa bahati, haukubadilika: Mungu Ibariki Afrika uliimbwa 1961 na unaimbwa leo. Ubeti wa Tanganyika ndio uliobadilishwa ukawa wa Tanzania.

Kijikaratasi cha mwisho kimeletwa hapa mezani. Kinauliza: mwanafunzi wa Pemba akipewa insha ya Sikukuu ya Uhuru, aandike "uhuru wetu" au "uhuru wao"? Swali zuri. Aandike: "Tarehe 9 Desemba Tanganyika ilipata uhuru, na leo siku hiyo ni sikukuu ya nchi yangu." Sentensi ina nyakati mbili, iliyopita na ya sasa, na kila moja imepewa nchi yake. Mwanafunzi wa Kigoma anayeandika juu ya tarehe 12 Januari atumie muundo huo huo, aweke Zanzibar na Mapinduzi. Na mwalimu anayesahihisha, tafadhali, asikate alama kwa sababu ameona neno Tanganyika.